Matofali ya Mchango wa Jamii

Matofali yalikuwa elfu kumi na nane na mia tano, na mimi nilikwenda Rubirizo kuyanunua kwa bei ya watu waliokata tamaa. Sikujua bado kwamba aliyepoteza zaidi pale kijijini ndiye pekee asiyetaka kuuza.

Ilikuwa katikati ya Oktoba 2025. Biashara yangu ni vifaa vya ujenzi, vipya na vilivyotumika, na mwaka ule vilivyotumika vilikuwa vingi kuliko vipya. Mashirika yaliyokuwa yakihudumia kambi ya wakimbizi ya Nduta na vijiji vinavyoizunguka yalikuwa yanafunga ofisi moja baada ya nyingine. Nilinunua meza zao, matangi yao ya maji, milango yao, hata vibao vya "Usivute Sigara". Watu wa mbali hudhani shirika ni sadaka tu. Sisi wa Kasulu na Kibondo tunalijua kama msimu wa maharage: likija, mwenye nyumba anapata mpangaji, mama ntilie anapata mteja, fundi anapata kazi, na mtu kama mimi anauza saruji. Likiondoka tunabaki tunaangaliana. Nyumba iliyokuwa ikipangishwa laki tatu Kibondo mjini ilikuwa imeshuka hadi elfu themanini, na mpangaji bado analia apunguziwe.

Sasa, mfadhili hajengi kijijini bure. Anataka kijiji nacho kitoe chake kwanza: matofali, mchanga, mawe, nguvu za watu, kiwanja. Huo ndio mchango wa jamii. Wanakijiji wakishatoa, fedha zinakuja. Mchuuzi yeyote wa nyanya angekwambia kwamba katika mpango wa namna hiyo anayetangulia kutoa ndiye anayebeba hasara. Lakini wachuuzi wa nyanya hawaulizwi.

Nilimkuta Josepha Mpawenimana kando ya zahanati ya kijiji, ameketi juu ya kigoda, mgongo kwenye rundo la matofali. Nyuma yake turubai lilikuwa limeegeshwa kwenye rundo hilo, na chini ya turubai kulikuwa na godoro, sufuria mbili na mabati yaliyopangwa vizuri kama vitabu.

"Mwakeye, mama," nikamsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye. Kama umefuata matofali, rudi. Kama umefuata maji, mtungi ule pale."

"Nimefuata vyote viwili."

Akacheka bila kutaka. Nikanywa maji. Nikamwambia naitwa Mama Shadia, natoka Kasulu, gari ninalo.

"Haya matofali ni ya nani?" nikauliza.

"Ya wajawazito."

"Wako wapi hao wajawazito?"

"Wako njiani."

"Na nyumba yao?"

"Nayo iko njiani."

"Njia hiyo ni ndefu, mama."

"Ego," akakubali kwa Kiha. "Ndiyo maana tulitaka nyumba."

Nikazunguka rundo nikihesabu. Elfu kumi na moja yalikuwa yamechomwa na kuiva vizuri. Elfu saba na mia tano yalikuwa mabichi bado, yamefunikwa nyasi, na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Burundi. Tofali bichi halina mjadala na mvua.

"Arobaini kwa tofali moja," nikasema. "Yaliyochomwa tu."

"Hayauzwi."

"Arobaini na mbili."

"Nimekwambia hayauzwi, nawe unapandisha! Mtu mwenye adabu angeshuka."

Hapo nikajua naongea na mtu anayejua soko. Nikakaa chini. Mimi nikitaka kununua kitu, kwanza nataka kujua kwa nini mwenyewe hakiachii.

Josepha alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa na miaka mitatu, mgongoni kwa mama yake. Alikulia huku, akaolewa na mwanamume wa Rubirizo, akazaa watoto ambao sasa wako Tabora na Kahama, akafiwa na mume. Uraia aliupata kwa tajnisi. Cheti chake amekitia plastiki mbili. Miaka tisa alikuwa mhudumu wa kujitolea wa shirika moja la afya, akizunguka vitongoji kwa baiskeli, anapima watoto uzito, anawapeleka wajawazito zahanati. Kujitolea ni jina tu. Posho ilikuwepo, elfu arobaini kwa mwezi, na kwa posho hiyo alinunua mabati mawili mawili mpaka nyumba yake ya vyumba vitatu ikaezekwa. Ukitaka kujua uchumi wa mashirika haya usiende kwenye ripoti. Hesabu mabati ya vijijini.

Nyumba hiyo ilikuwa papa hapa, kwenye kiwanja kinachopakana na zahanati.

Miezi minne kabla sijafika, afisa mradi wa shirika, kijana wa Kasulu aitwaye Nestori, alileta habari. Mfadhili wao hakuwa mmoja wa wafadhili waliojitoa mwaka ule. Wa kwao alikuwa bado yupo, na alikuwa tayari kujenga nyumba ambamo wajawazito wa vitongoji vya mbali wangesubiri siku zao karibu na mkunga. Masharti yalikuwa matofali, mchanga, na kiwanja jirani na zahanati chenye muhtasari wa mkutano wa kijiji kwamba kimetolewa. Kaya sabini na nne zikakubali, matofali mia mbili na hamsini kila moja. Kiwanja jirani na zahanati kilikuwa kimoja tu.

"Ukakitoa," nikasema.

"Nikakitoa. Miaka hamsini na tatu nakaa katika nchi hii. Hapa kijijini nikigombana na mtu kwa kuku, mimi ni Mrundi. Nikaona: mwenyeji ni yule anayetoa ardhi. Mgeni hupewa tu. Nikitoa, nani ataniita mgeni?"

"Bila fidia?"

"Shirika lilisema nitajengewa chumba cha mlinzi, nikae humo, niitunze nyumba. Ilikuwa kwenye andiko la kuombea fedha."

"Na nyumba yako ukaibomoa kabla fedha hazijaingia."

"Nestori alisema mfadhili anataka picha ya kiwanja, kisiwe na makazi ya mtu. Fomu inafungwa Ijumaa. Ilikuwa Jumatano."

"Alikwambia ubomoe?"

"Hakusema. Alisema picha."

"Kwa hiyo Jumatano hadi Ijumaa ukabomoa vyumba vitatu."

"Siku moja na nusu. Mabati niliyashusha mwenyewe, hata moja halikupinda."

"Mama Josepha, kiwanja kina pande nne. Ungemwambia ageuze kamera."

Alinitazama kama mtu aliyemkuta mwenzake akichovya kidole kwenye mboga ya wageni.

"Miaka tisa nimepeleka picha kwa hao watu," akasema. "Mtoto yuko kwenye mizani, mama ananawa mikono, choo kina mlango. Kisichokuwa kwenye picha hakikufanyika, hakilipwi. Leo mimi nipeleke picha ya uongo?"

Nimeuza kwa mashirika miaka kumi na miwili, na sijawahi kukutana na mtu aliyeyaamini masharti yao kuliko wao wenyewe.

Septemba Nestori alirudi. Mara hiyo hakuja na gari jeupe lenye nembo. Alikuja na bodaboda, amelipa mwenyewe.

"Mama, wamesimamisha," alimwambia.

"Wamesimamisha nini?"

"Vyote. Nyumba, posho zenu, ofisi." Kisha akaongeza, "Na mimi."

Josepha alimpa maji, akamchemshia viazi, akamuuliza kama mkewe anajua. Hakuwa bado amemwambia. Huyo ndiye mtu aliyempotezea nyumba, naye Josepha alimfungia viazi vilivyobaki kwenye jani la mgomba ale njiani.

Tangu siku hiyo alilala kwenye rundo la matofali, kwa sababu watu walianza kupita asubuhi na mikokoteni kuchukua "ya kwao". Yeye alikuwa na hoja moja tu, na alinirudia nayo mara tatu: muhtasari unasema kiwanja kimetolewa kwa ajili ya nyumba ya wajawazito. Basi ama nyumba ijengwe, ama kiwanja kirudi kwake. Matofali yakiondoka, nyumba haijengwi. Na kama nyumba haijengwi, na kiwanja hakirudi, yeye atakuwa nani?

"Hilo ulizungumze na mwenyekiti," nikamwambia. "Mimi nimefuata matofali."

Mwenyekiti wa kijiji, Bazilio, alikuwa mtu wa kuelewana. Mkutano ukaitishwa Alhamisi katika darasa la shule, watu wazima wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Mimi nilisimama mlangoni. Mnunuzi asikae ndani sana.

Bazilio akaeleza: kuna mteja, ana fedha taslimu, shilingi arobaini na tano kwa kila tofali lililochomwa. Mabichi hana haja nayo.

Pelagia, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe mlima wa pili, alisimama wa kwanza. "Mimi nilikanyaga udongo huo nikiwa na mimba. Niliambiwa nitajifungulia kwenye nyumba ya matofali. Mtoto sasa anacheka na watu, nyumba haijaanza! Nipewe fedha yangu ninunue sabuni."

Watu wakacheka. Josepha akasimama.

"Tusiuze. Tuchome yaliyobaki kabla ya mvua. Tujenge ndogo, vyumba viwili, kwa udongo badala ya saruji. Mabati natoa yangu. Yapo ishirini na mbili."

"Na mbao? Na misumari? Na mkunga atalipwa na nani?" mtu akauliza.

"Aliyetukandisha udongo ni nani?" sauti nyingine ikatoka nyuma. "Si huyu Mrundi na maneno ya shirika lake?"

"Nina cheti cha uraia," Josepha akasema.

"Cheti hakiezeki nyumba," Pelagia akamjibu, na watu wakacheka tena, ingawa si wote.

Josepha alimgeukia Bazilio. "Kama mnauza, sawa, uzeni. Mnirudishie kiwanja changu."

"Dada yangu, kiwanja kimeingia kwenye muhtasari. Ulisaini mwenyewe, picha ipo. Ni cha kijiji."

"Kimetolewa kwa nyumba ya wajawazito. Nyumba haipo."

"Itakuja."

"Lini?"

"Mfadhili akipatikana."

"Basi msiuze matofali."

"Matofali yataloa, Josepha!"

"Kwa hiyo matofali hayawezi kumsubiri mfadhili, ila kiwanja changu kinaweza."

Nilimwona hata Pelagia akitazama kucha zake. Katika soko la Kasulu hoja kama ile ingempatia punguzo la nusu bei. Lakini watu wenye njaa hukubali kwamba umesema kweli, kisha hunyoosha mkono upande mwingine. Walionyoosha kuuza walikuwa hamsini na tisa. Laki nne na elfu tisini na tano kwa kaya sabini na nne ni elfu sita na mia sita na kitu kwa kila kaya. Nililipa mezani, mbele ya wote, nikachukua risiti.

Kesho yake lori langu la Kenta lilikuja kupakia. Josepha alikuwa ameondoa godoro lake kwenye rundo, amelisogeza kando ili vibarua wapite. Niliposimama pale akanijia na ile elfu sita na mia sita mkononi, haijakunjwa.

"Mama Shadia, mgawo wangu nataka kwa matofali."

"Umeupata kwa fedha, mama. Yale sasa ni yangu."

"Najua ni yako. Nauliza bei."

"Sitini."

"Jana yalikuwa arobaini na tano!"

"Jana yalikuwa ya kijiji."

Akavuta pumzi. Kisha akanionyesha mabati. "Ishirini na mbili. Hayana kutu, hayana tundu ila la msumari. Dukani kwako unayauza elfu kumi na mbili."

"Yaliyotumika nanunua saba."

"Tisa."

"Nane."

"Tisa, na tofali uniuzie hamsini na tano. Mimi si shirika, siwezi kulipa bei ya shirika."

Nikamwambia, na hili nalisema nisije nikaonekana nilimdanganya: "Mama, ukinipa mabati utakuwa na ukuta usio na paa, juu ya ardhi isiyo yako. Kaa nayo mabati. Uza moja moja, nenda kwa wanao Kahama."

"Kahama nitafika kama nani? Mgeni tena, wa mara ya tatu?" Akashusha sauti. "Kiwanja walikichukua kwa sababu picha ilionyesha kiko tupu. Nami ndiye niliyekiacha tupu. Nikisimamisha ukuta hakitakuwa tupu. Watakapoandika muhtasari mwingine itabidi waandike ukuta ni wa nani."

Mabati ishirini na mbili kwa elfu tisa ni laki moja na elfu tisini na nane. Kwa hamsini na tano, matofali elfu tatu na mia sita kamili. Ongeza mia na ishirini ya mgawo wake. Nikakubali. Vibarua wakayashusha kwenye kiwanja chake kile kile, wakapakia mabati. Mabati niliyauza Kasulu wiki hiyo hiyo kwa kumi na mbili, kama alivyosema. Nilipata faida, na sikulala vizuri, lakini mgongo huniuma siku zote nikipanda Kenta.

Mvua ilishuka siku nne baadaye. Mabichi elfu saba na mia tano yalirudi kuwa udongo, na watu walipita pembeni yake wakinyanyua sketi.

Januari nilikuwa natoka Nyabibuye kuangalia mbao, nikapita Rubirizo kwa sababu njia ndiyo hiyo. Nikaona watu kwenye kiwanja, nikamwambia dereva asimame.

Kuta zilikuwa zimefika kifuani. Vyumba viwili, vimejengwa kwa udongo, pembe zimepinda kidogo kama kazi ya mtu anayejifunza akiendelea. Josepha alikuwa amejenga peke yake, tofali kwa tofali, mvua ikikatika anajenga, ikirudi anafunika kwa majani ya mgomba. Kwenye pembe moja lilitandwa lile turubai, godoro chini yake. Alikuwa amekonda na anakohoa kikohozi kikavu. Mikono yake ilikuwa na nyufa kama za ukuta.

Bazilio alikuwa amevaa koti. Na Nestori alikuwepo, ameshika simu. Alinisalimia kwa furaha kubwa kupita kiasi, ya mtu ambaye hana mshahara miezi minne. Yeye na wenzake wawili walioachishwa kazi walikuwa wamesajili shirika lao dogo, na walikuwa wanaandika andiko kwa mfadhili mwingine, wa nyumba ya wajawazito.

"Safari hii tuna nguvu, Mama Shadia," Bazilio akasema, akiupapasa ukuta. "Fomu inauliza mchango wa jamii. Angalia. Jamii imeshafikisha kifuani!"

"Jamii ipi?" nikamuuliza.

"Matofali si ya kijiji haya?"

"Niliyanunua mimi, mwenyekiti. Risiti ninayo."

Akacheka, akanipiga bega. "Wewe nawe! Mambo ya risiti tena."

Nestori alikuwa anarudi nyuma na simu, anatafuta mahali pa kusimama. Kisha akaishusha. Alijua anachotaka kuomba na kilimwia kigumu, hilo nitamtetea nalo.

"Mama," akamwambia Josepha, "dakika tano tu. Lile turubai na godoro tuliweke kule nyuma ya zahanati. Mfadhili asione makazi ya mtu. Ni picha tu, halafu unarudi."

"Fomu inafungwa lini?" Josepha akauliza.

"Leo. Saa kumi."

"Na mimi nimo kwenye andiko? Chumba cha mlinzi?"

Nestori akamtazama Bazilio. Bazilio akatazama barabara. "Safari hii bajeti ni ndogo, mama," Nestori akasema.

Josepha akainuka. Alienda hadi kwenye turubai, akainama, akaingiza mkono. Nikasema moyoni, haya, anabomoa tena. Kuna watu hawafundishiki. Akatoka na kile kigoda chake. Akakiweka katikati ya mlango usio na fremu, akaketi, akaweka mikono juu ya magoti.

"Piga," akasema.

"Mama, umekaa katikati."

"Ego."

"Na turubai linaonekana."

"Basi geuza kamera, mwanangu. Mama Shadia aliniambia kiwanja kina pande nne."

Nestori akazunguka. Alizunguka kweli, upande wa zahanati, upande wa barabara, upande wa ule udongo uliokuwa matofali. Kuta zilikuwa fupi mno. Kila upande alioenda, simu ilichungulia juu ya ukuta ikakuta kichwa cha Josepha na turubai la bluu.

"Josepha, unaharibu mradi wa watu!" Bazilio akapaza sauti. "Wajawazito watakulaani!"

"Wajawazito waje, nafasi ipo, walale pembeni yangu. Nanyi andikeni muhtasari, mwenyekiti. Andikeni nyumba hii ina mtu ndani. Nitasaini." Akakohoa, akafuta mdomo kwa kanga. "Nikitoka hapa sina pa kutokea tena. Sogeeni nyinyi."

Matone ya kwanza yakaanza kuanguka. Saa ilikuwa tisa na nusu. Nestori akanigeukia, simu mkononi, uso umemlegea.

"Mama Shadia, wewe unajua kuongea na watu. Mshawishi. Anataka nini?"

Nilimtazama Josepha. Hakunitazama, alikuwa anaitazama kamera, kama alivyowafundisha akina mama wa vitongojini miaka tisa: usitikisike, picha isiharibike.

"Bei yake ameshaitaja," nikamwambia Nestori. "Piga hivyo hivyo, au nenda."

Akapiga.